Uji wa Kando ya Njia ya Baiskeli

Sipendi kusuguliwa kucha. Wiki iliyopita msichana wa saluni alinishika mkono, akatoa kitupa chake na kuanza kunisugua kidole gumba, na kabla hajafika kidole cha pili nilikuwa nimeuvuta mkono na kuuficha chini ya kitambaa nilichofunikwa. Alidhani ameniumiza. Nikamwambia akate tu, asisugue. Akacheka, akasema wateja wa siku hizi wana mambo.

Sikumwelezea. Ningeanzia wapi? Mimi ni mtu wa kushuku, nimelelewa hivyo, na Gisenyi ya utoto wangu, kando ya Ziwa Kivu, ilikuwa mji wa kushukiana kwa adabu. Soda hufunguliwa mbele ya macho yako, la sivyo huinywi. Ukimkaribisha mgeni uji au pombe ya ndizi, unaonja wewe kwanza huku yeye anakuona, halafu unampa kwa mikono miwili, na hakuna anayekasirika, kwa sababu kumwonjea mtu ni kumheshimu. Wenzangu wa rika langu mliokulia upande ule wa ziwa mnajua ninachosema. Mnajua pia tulichoambiwa tangu tukiwa wadogo kabisa, kwamba umurozi, yule anayewatilia wenzake sumu, huificha chini ya ukucha wa kidole gumba. Akikupa kikombe anakizamisha kidole hicho, kwa pembeni tu, na wewe huoni kitu, unakunywa na kushukuru.

Nyumba yetu ilikuwa juu kidogo ya ile njia ya baiskeli inayofuata ziwa kutoka mjini kuelekea Rubona. Wazungu walipita pale na baiskeli zilizobebeshwa mifuko pande zote, kofia ngumu kichwani, nyuso nyekundu. Walipita pia kina mama na vikapu vya sambaza, dagaa wa ziwani, wanafunzi, mbuzi, na watu wa kanisani kwetu Jumapili na viatu mkononi. Upande mmoja mikaratusi, upande wa pili mteremko hadi majini. Upepo ukitoka kusini ulituletea harufu ya kimea kinachochemka kwenye kiwanda cha bia, tamu na nzito, na hadi leo nikiisikia harufu hiyo naangalia ni nani ananifuata nyuma.

Kwenye kona moja ya njia walikuwa wamejenga kibanda cha waendesha baiskeli kupumzika. Kilikuwa na nguzo, bati lililofunika nusu tu, na benchi la saruji. Kazi iliishia hapo. Wa kwanza kuhamia alikuwa mzee mmoja tuliyemwita Mzee Pampu, kwa kuwa mali yake yote ilikuwa pampu ya baiskeli na kipande cha godoro. Mtu akipata pancha pale konani, mzee alitoka na pampu yake, akapewa sarafu au ndizi, akarudi kulala. Hakumsumbua mtu, nasi tulishamzoea.

Halafu akaja mwanamke. Alikuja na furushi kichwani na mtoto mgongoni, akazungumza kidogo na mzee, akatundika shitingi ya plastiki katikati ya kibanda, upande huu wa mzee, upande ule wake. Mtoto aliitwa Shukuru, msichana wa kuanza kutembea vizuri, mwenye kikohozi kisichokwisha. Mama yake tukamwita Mama Shukuru, basi.

Usafi wake ndio uliotushtua kwanza. Kila asubuhi alifagia kibanda, akatoka nje, akaifagia na njia yenyewe mbele ya kibanda, akaokota majani ya mikaratusi na kuyarundika vizuri. Majirani walisimama na kumtazama. Mtu asiye na nyumba anafagia nini? Anatafuta nini chini? Au anafukia kitu? Mimi nilimtazama kutoka ukutani kwetu na nikawa na maswali yaleyale, maana yale ya wakubwa ndiyo yalikuwa yangu.

Majibu yaliletwa na mama yangu. Mama alikuwa akivuka mpaka kila siku kuuza nyanya Goma, na mpakani ndiko habari zote za dunia zilikokuwa zikipimwa na kuuzwa. Jioni moja alivua viatu, akaketi, na kabla hajanywa hata maji akamwambia bibi yangu, ambaye sisi tulimwita Tate, kama watu wa Kivu wanavyomwita bibi:

"Ule mwanamuke wa kibanda anatoka Busasamana. Bwana yake alikufa gafla. Alikunywa kikombe moja tu ya pombe, tumbo likavimba, asubui hayuko. Familia ya bwana bakasema ni yeye. Bakamufukuza na mutoto."

"Nani alikuambia?" Tate akauliza.

"Mama moja tunavuka naye. Ni wa kule kule kwabo."

"Sisi batu ba Mungu hatuamini ile mambo ya sumu," Tate akasema. Alikuwa shemasi kanisani, na alisema hivyo kila mara. Kisha akainuka na kwenda kufunika mtungi wa maziwa.

Siku iliyofuata mtaa mzima ulikuwa unajua, na hakuna aliyeapa kwamba si kweli. Tatizo lilikuwa Mzee Pampu. Kila asubuhi mzee alikunywa uji wa Mama Shukuru, mbele ya watu wote, kikombe kikubwa cha plastiki, na hakuvimba. Alianza hata kupata mashavu. Kwa akili ya kawaida hilo lingemwokoa yule mwanamke, lakini mtaa wetu haukuwa na haraka. "Anamunenepesha kwanza," jirani mmoja alisema, na wengine wakaitikia kwa kichwa. Nami kila nikipita niliangalia tumbo la mzee. Nilimhurumia sana. Nilimwona marehemu anayejaza upepo matairi.

Asubuhi moja, nikienda shule, nikasikia mkwaruzo. Ulitoka nyuma ya kibanda, kwenye lile jiwe jeusi la volkano lenye vitundu. Nikajificha nyuma ya mkaratusi. Mama Shukuru alikuwa amechuchumaa, anasugua ukucha wa kidole gumba kwenye jiwe, taratibu, kwa uangalifu, kisha cha pili, kisha cha tatu. Kila baada ya muda alikiinua kidole mwangani, akakitazama, akapuliza unga mweupe uliobaki, akaendelea. Alisugua mpaka akakunja uso kwa maumivu, na hata hapo hakuacha.

Nikaelewa yote, au nilidhani nimeelewa. Wakubwa walikuwa wamekosea kidogo tu. Sumu haifichwi chini ya ukucha, sumu ni ukucha wenyewe! Unasagwa kwenye jiwe kama mtama, unga wake unakingwa, unatiwa kwenye uji. Tangu asubuhi hiyo nilikwenda shule kwa njia ya juu, ile yenye mbwa, na mama aliponiuliza kwa nini nachelewa sikumjibu, kwa sababu niliamini ukimtaja umurozi anajua.

Hata hivyo Jumapili sikuwa na pa kukimbilia. Mchungaji alikuwa amehubiri juu ya walio njiani, na Tate, ambaye alipenda kuwa wa kwanza katika mambo ya mahubiri, alijaza sahani ya maharage na viazi vitamu, akaifunika kwa sahani nyingine, akanituma.

"Pelekea bale batu. Uweke tu juu ya benchi, urudi. Usikae."

"Tate, naogopa."

"Unaogopa nini? Wewe ndiye unapeleka, habakupi kitu."

Kwa hiyo nilikwenda, nikaweka, nikakimbia. Jumapili iliyofuata vilevile. Kila mara Mzee Pampu ndiye aliyerudisha sahani, akasema asante, akasifu chumvi. Nilijua kwamba ni yeye peke yake aliyekula, kwa sababu nilichungulia: mwanamke hakugusa hata kiazi, na mtoto akinyoosha mkono alishikwa mkono. Shukuru alilia. Mifupa ya shingo yake ilionekana. Nilidhani mama yake ana roho mbaya, kwamba hataki mtoto anenepe kabla ya zamu yake.

Jumapili nyingine nikamkuta Mama Shukuru ameketi kwenye benchi ananisubiri. Nikaweka sahani. Nikageuka.

"Ngoja kidogo, mutoto," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya kikohozi kama cha binti yake. Akafunua sahani, akaisogeza kwangu. "Onja."

Sikuelewa. "Nionje nini?"

"Ile chakula. Kula kidogo kwanza, niko naona. Halafu nitamupa mutoto."

Mimi nionje chakula chetu! Chakula kilichopikwa na shemasi! Yeye, ambaye mtaa mzima unamjua, anatushuku sisi! Nilikasirika kwa hasira ambayo sijawahi kuisahau, hasira ya mtu aliyezoea kushuku anaposhukiwa. Nikaiacha sahani pale, nikapanda mlima nikilia, nikamwambia Tate.

Tate alikuwa anapepeta mchele. Akasimama na ungo mkononi.

"Mimi?" akasema. "Mimi? Mi nitamuroga nani? Mi mwenye nimebatiza batu? Yewe Mana yanjye! Mungu wangu! Mutu analala kando ya njia na anasema nionje!" Aliongea mpaka jioni. Alimweleza kila aliyepita, jirani mmoja mmoja, akiapa kwamba kumshuku mtu asiye na hatia ni dhambi kubwa kuliko wizi, kwamba mtu akikupa kitu kwa mikono yake miwili unapokea, unakula, unamwachia Mungu. Majirani walikubali. Mama yangu peke yake ndiye aliyetabasamu chini chini, akiwa anapanga nyanya zake.

"Lakini Mama," akamwambia, "juu ya nini haukumuonjea? Mugeni akikuja hapa unamuonjea."

"Ule si mugeni," Tate akasema. "Mugeni anakuja kwa mulango. Ule mulango yake iko wapi?"

Mama akarudia nyanya zake. Nami wakati ule niliona Tate amejibu vizuri sana. Leo nikilikumbuka jibu lile naona aibu, maana hatukuwa tumemwonjea mtu yeyote wa pale kibandani, hata Mzee Pampu, na wala haikutupitia akilini kwamba ni watu wa kuonjewa.

Muda si mrefu baadaye alikuja mwanaume kwa pikipiki. Aliiegesha katikati ya njia, jambo lililokatazwa, akaketi juu yake akitazama kibanda. Mimi nilikuwa natoka dukani. Alikuwa na koti zuri na uso wa kucheka. Shukuru alikuwa anacheza na kizibo cha chupa, na yule mwanaume akamwita kwa jina, akampa biskuti ya maziwa. Mtoto aliishika kwa mikono yote miwili. Kabla haijafika mdomoni, Mama Shukuru alitoka mbio nyuma ya shitingi, akamnyang'anya na kuirusha ziwani. Shukuru alipiga yowe lililosikika mpaka kwetu.

"Huyu mutoto ni wa kwetu," mwanaume akasema, bado anacheka. "Wewe unaweza kwenda fasi unataka. Huyu ni damu ya kaka yangu." Akawasha pikipiki, akaondoka.

Nilibaki nimesimama na mkate wangu. Mzee Pampu alikuwa kwenye godoro lake, ananitazama ninavyomtazama yule mwanamke. Nadhani aliona kitu usoni mwangu kilichomchosha.

"We mutoto wa shemasi," akaniita, "kuja hapa. Unaogopa nini? Ile vidole?"

Nikatikisa kichwa kusema hapana, halafu kusema ndiyo.

"Anasugua kucha kila siku juu ya nyinyi," akasema. "Juu mutu akiona mikono yake asiseme kuna kitu chini. Anakata mpaka damu. Mi nilimwambia, acha, mama, batasema tu. Anasema, hapana, mzee, siku moja mutu ataangalia." Akatema mate pembeni. "Na chakula yenu anaogopa juu ya ile pombe ya bwana yake, hajui nani alitia. Yeye hajui, unasikia? Nyinyi munajua, yeye hajui."

Nilirudi nyumbani polepole. Ningependa kusema kwamba pale pale moyo wangu ulibadilika, lakini moyo wa mtoto hauko hivyo, au wangu haukuwa. Nilifikiri: na kama mzee amedanganywa? Anayekunywa uji wake kila siku atasema nini kingine? Nilichobakiza ni yule mtoto na biskuti. Hilo halikunitoka.

Mwisho wa mwezi ulipokaribia, mkuu wa mudugudu wetu, yaani kitongoji chetu, mtu mfupi mpole aliyetembea na filimbi shingoni, alipita nyumba kwa nyumba. Njia ya baiskeli ilitakiwa iwe safi, na kibanda kiwe wazi kwa ajili ya wasafiri. Mzee Pampu alishapata pa kwenda, mpwa wake wa Kanzenze alikuwa anakuja kumchukua. Mama Shukuru hakuwa na mtu.

"Bon," mkuu akamwambia Tate, akiwa amesimama mlangoni. "Kama kuna nyumba inabapokea, mi sina shida, nitabaandika pale, biishe. Kama hakuna, donc, banarudi kwabo Busasamana."

"Kule bwana yake alikufia?" mama yangu akauliza.

"Njo kwabo."

Hata mimi nilielewa. Akirudi kule, wakwe watamchukua Shukuru na kumfukuza yeye mara ya pili, na yule mtu wa pikipiki atakuwa na biskuti zake kila siku. Mkuu aliangalia uani kwetu. Tulikuwa na chumba cha nje, tulikiita anekse, alichokuwa amepanga mwalimu mmoja hadi alipooa na kuhama. Kilikuwa kitupu, na kila mtu alijua ni kitupu.

"Nitasali kwanza," Tate akasema.

Sijui alisali saa ngapi. Ninachojua ni kwamba kesho yake alinituma kununua kamba ya magunia, tukahamishia magunia ya viazi kwenye anekse, gunia moja baada ya jingine, mpaka mlango ukafungika kwa shida. Akalifunga kufuli na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kitenge chake.

Jumamosi ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, mtaa wote uliteremka njiani na majembe na mapanga. Tulifyeka majani, tukazibua mifereji, tukajaza mashimo. Mama Shukuru alifanya kazi tangu mwanzo na jembe la kuazima, peke yake, na watu walimwachia nafasi pande zote. Shukuru aliketi kwenye benchi akikohoa. Ziwa upande wa pili lilikuwa limegeuka rangi ya bati na mawingu yalikuwa yanashuka kutoka mlimani.

Kazi ilipokwisha tuliketi majanini kwa mkutano, kama kawaida. Mkuu akapuliza filimbi, akaanza habari za mifereji. Hapo Mama Shukuru akainuka. Alikwenda kibandani, akarudi na sufuria ya uji wa mtama unaotoka moshi na kile kikombe cha plastiki. Watu wakaacha kusikiliza. Alipita katikati yetu moja kwa moja hadi alipokuwa Tate, mbele, kwenye kigoda cha wazee, na mimi pembeni yake. Akapiga magoti. Akachota uji, akanywa yeye kwanza, funda kubwa, akaonyesha mdomo mtupu. Akachota tena, akakinyoosha kikombe kwa mikono miwili, na vidole gumba amevisimamisha wima nje kabisa ya ukingo, ili kila mtu avione. Kucha hazikuwepo. Palikuwa na nyama nyekundu tu.

"Karibu, Mama," akasema.

Hakuna aliyekohoa ila Shukuru. Nilimtazama Tate. Shemasi, asiyeamini mambo ya sumu. Mtu aliyeapa mbele ya mtaa mzima kwamba ukipewa kwa mikono miwili unapokea na kunywa. Angefanya nini? Alipokea. Alikipeleka kikombe mdomoni, akainamisha kichwa, na uji ukaingia, nikaona mashavu yake yanajaa.

Watu wakashusha pumzi. Mmoja akasema, "Amekunywa." Mwingine akaanza kupiga makofi. Lakini mimi nilikuwa karibu, chini ya kidevu chake, na nilikuwa natazama koo. Koo halikushuka.

Mkuu wa mudugudu aliona nafasi yake, nami simlaumu. "Basi, Mama," akasema kwa furaha, "umeona mwenyewe. Ile anekse yako. Unabapokea?"

Tate alimwangalia. Alikuwa na uji wa moto mdomoni. Kusema "hapana" kulihitaji mdomo, na mdomo ulihitaji ameze, au ateme mbele ya kanisa lake zima. Alinyanyua mkono wa kulia, kiganja mbele. Mimi namjua Tate wangu. Mkono ule ulisema ngojeni. Macho yakaanza kumtoka machozi kwa ule moto, yakashuka mashavuni, na kina mama wa kanisa waliokuwa nyuma wakaona shemasi wao analia kwa huruma na mkono umeinuliwa juu, wakaanzisha wimbo.

"Amekubali!" mkuu akasema, na akapuliza filimbi.

Tate aliinuka. Alipita katikati ya watu waliomshika mabega na kumbariki, akaitikia kwa kichwa huku na huku, midomo imebana. Alipanda mlima haraka kuliko nilivyowahi kumwona, mimi nyuma yake na jembe, nimechanganyikiwa kabisa. Nilidhani ananyamaza kwa sababu sumu imeshaanza. Nilikuwa nalia. Alifika uani, akazunguka nyuma ya jiko, akashika ukuta na kutema. Akatema tena. Akasukutua kwa maji ya chumvi, akaniamuru nilete maziwa, akayanywa yote, maziwa yenye kuvunja sumu, na uji ulikuwa bado kidevuni mwake alipogeuka.

Mama Shukuru alikuwa amesimama pale, hatua chache tu kutoka kwetu, furushi kichwani na mtoto mgongoni. Alikuwa ametufuata nyuma nyuma, bila shaka kabla mtu hajabadili nia. Alikuwa ameona kila kitu.

Sikuwahi kuona aibu kwenye uso wa mtu mzima kama ile iliyokuwa usoni mwa Tate. Nilijua Mama Shukuru atageuka na kuondoka. Mimi ningegeuka. Mawingu yalikuwa yamefika juu ya nyumba na upepo ulianza kuvuta nguo kwenye kamba.

"Niliona tangu kule, Mama," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. "Koo haikushuka. Haina shida. Unipe ufunguo."

Tate alijifuta kidevu kwa pindo la kitenge. Alimtazama yule mwanamke, kisha vidole vyake, kisha mtoto aliyelala na mdomo wazi juu ya bega.

"Mi sitakula fasi yako," Tate akasema. "Hata siku moja. Ujue."

"Usikule. Na mi sitakula ya kwako."

"Na mutoto wangu huyu asikule kwako."

"Asikule. Wangu pia."

"Bon," Tate akasema.

Akafungua fundo la kitenge kwa meno, akatoa ufunguo. Mlango ulikwama. Tulitoa magunia ya viazi sote watatu, tukayaburuta hadi chini ya paa la jiko. Mvua ilianza tukiwa na gunia la mwisho, mvua kubwa ya mlimani, na Shukuru alikuwa ndani.